Kiti Chetu Kimekaa Wazi



Mwezi wa Mfunguo Nne uliopita alitujia mama mmoja wa kisiwa cha Pate. Hatutamtaja jina wala mji wake, kwa kuwa yote aliyotueleza alitupa kwa amana, na haya machache tunayoyaandika tumeyaandika kwa idhini yake. Kwa miaka minane mama huyu alikuwa akivuka bahari kwenda kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Hakuzichukua katika kituo cha afya kilicho karibu na mlango wake, bali mbali, mahali ambapo hakuna anayemjua. Majirani walipomuuliza aendako, alijibu kuwa ana meno mabovu. Alipokuwa njiani kurudi, alivitoa vidonge ndani ya chupa na kuvifunga kitambaani, kwa sababu vidonge vikitikiswa chupani hulia, na mavyaa wake ni mwepesi wa kusikia.

Mwaka 2025 ulipoanza, chumba alichokuwa akihudumiwa kilifungwa. Watumishi wake walikuwa wakilipwa kwa fedha za mradi, na mradi ulisimama. Akaelekezwa ajiunge na foleni ya wagonjwa wote. Siku ya kwanza alipofika, alimkuta shemeji yake ameketi kwenye benchi akingoja kupimwa malaria. Mama akageuka, akateremka hadi gatini, akapanda boti ya kurudi. Alikaa miezi mitatu bila dawa. Alipotufikia alikuwa amekonda, na kikohozi hakimwachi.

Alipomaliza kutusimulia hakulia. Alituuliza swali moja tu: "Nyinyi wenzangu wenye jumuiya na vikao, yalipokuwa yakiamuliwa haya, mlikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Safu ya juma hili ni jitihada yetu ya kulitafuta.

Kwanza tujiulize, yaliamuliwa wapi? Tangu mwaka 2003, Marekani ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa kupambana na UKIMWI, sehemu kubwa ya huduma hizi nchini Kenya imekuwa ikiendeshwa kwa fedha kutoka ng'ambo. Mwezi wa Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Zahanati zilizotegemea fedha hizo zikatikisika nchi nzima, na Wizara ya Afya ikaelekeza huduma za UKIMWI ziunganishwe na huduma nyingine za hospitali. Uamuzi wa kwanza ulikatwa Washington, wa pili ukakatwa Nairobi, na wa tatu, ule wa nani aketi benchi gani, ukakatwa na msimamizi wa kituo. Katika ngazi zote tatu, asiyeulizwa ni yule anayekimeza kidonge. Wazee wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa wamepanga kitanda watu ambao hawajakilalia hata usiku mmoja.

Wapo watakaosema kwamba mambo makubwa kama haya si ya kina mama wa jumuiya, ni ya serikali na madaktari. Historia haikubaliani nao.

Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Ilipita miaka 15 kabla ya Rais Daniel arap Moi kutangaza, Novemba 1999, kwamba maradhi haya ni janga la taifa, na Baraza la Kitaifa la Kudhibiti UKIMWI kuundwa. Katika miaka hiyo 15 ya kimya, ni nani aliyewaosha wagonjwa, akawalisha uji, akawalea mayatima? Ni watu wa kawaida, na wengi wao walikuwa wanawake. Nchini Uganda, mwaka 1987, Bibi Noerine Kaleeba aliyefiwa na mumewe kwa maradhi haya alikusanya wenzake wachache, wakaanzisha shirika la TASO la kuwahudumia wagonjwa na jamaa zao. Mjini Nairobi, mwaka 1993, Bibi Asunta Wagura na wanawake wenzake wachache walioishi na virusi walianzisha KENWA, katika wakati ambapo kujitaja tu kulitosha kumfukuzisha mtu kazini na nyumbani. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Desemba 1994, wawakilishi wa serikali 42 walitia sahihi mjini Paris azimio lililokiri kwamba wanaoishi na virusi wana haki ya kushiriki katika kupanga mambo yanayowahusu. Serikali zilikiri hivyo baada ya watu kama hawa kuonyesha njia.

Tuitazame na dawa yenyewe. Wasomaji wetu wengi wanadhani kwamba dawa hizi zilikuja bure tangu mwanzo. Sivyo. Zilipopatikana mara ya kwanza, bei yake ilikuwa ya matajiri peke yao. Mashirika ya kiraia yaliungana kuishawishi Bunge, na mwaka 2001 ikapitishwa sheria iliyofungua mlango wa kuingiza nchini dawa za bei nafuu zenye nguvu ile ile. Mwaka 2006 ndipo dawa hizo zilipoanza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Lakini mwaka 2008 ikaja sheria nyingine, ya kupambana na bidhaa bandia, ambayo maneno yake yalikuwa mapana kiasi cha kuweza kuzihesabu dawa halali za bei nafuu kuwa ni bandia. Wakenya watatu wanaoishi na virusi, akiwamo Bibi Patricia Asero Ochieng, wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki ya uhai, utu na afya. Kila mama anayepokea dawa leo Faza, Mokowe, Mpeketoni au Witu ana deni la shukrani kwa watu hao watatu, ingawa huenda hajapata kuyasikia majina yao.

Kisha ikaja habari inayotugusa sisi zaidi, watu wa mitaa ya uchochoro ambako mlango hutazamana na mlango. Februari 2015 ilitolewa amri kutoka Ikulu kwamba yakusanywe majina ya watoto wote wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuwapangia huduma. Lakini fikirini, wasomaji wetu, orodha kama hiyo ingekuwa na maana gani katika mji kama Siyu au Matondoni, ambako karani, mwalimu na jirani huenda ni mtu mmoja, au ni watu wa ukoo mmoja! Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba amri hiyo inavunja haki ya faragha, na kwamba majina yaliyokwisha kukusanywa yahifadhiwe kwa namna ambayo hayatamfichua mtu. Waliotetea sitara ya watoto wetu siku ile hawakuwa sisi, wala hawakuwa wa dini yetu wengi wao. Tuwashukuru, kisha tujiulize kwa nini hatukuwamo.

Isisemwe kwamba Waislamu hawajui kazi hii. Mwaka 1988 madaktari Waislamu wa Uganda waliunda jumuiya yao, na mwaka uliofuata, pamoja na Mufti wa nchi hiyo, wakatangaza kuwa kupambana na UKIMWI ni jihadi. Hawakuishia kwenye tangazo. Waliwafunza maimamu na wasaidizi wao, wake kwa waume, ambao walizitembelea familia nyumba kwa nyumba. Wanawake walizungumza na wanawake, wanaume na wanaume. Palikuwa na mabishano makali juu ya mipira ya kondomu, na hayakufichwa. Yalijadiliwa kwa adabu mpaka watu wakaelewana ni lini na kwa nani mazungumzo hayo yanafaa. Baadaye mafunzo yakaingia hata madrasa. Kazi yao ilisifika hivi kwamba mwaka 1998 Umoja wa Mataifa uliichapisha iwe mfano kwa wengine, na Novemba 2001 viongozi wa Kiislamu kutoka nchi nyingi walikutana Kampala kushauriana juu ya maradhi haya.

Katika pwani yetu pia wapo waliotangulia. Mombasa kuna MEWA, jumuiya ya Kiislamu ya elimu na maslahi, na Malindi kuna Omari Project. Wote wawili waliwapokea vijana walioangamizwa na unga wakati ambapo wengi wetu tuliwafungia milango. Uchunguzi uliofanywa nchini miaka zaidi ya kumi iliyopita ulionyesha kwamba miongoni mwa wanaojidunga sindano takriban 18 katika kila 100 walikuwa na virusi. Hatuna haja ya kusafiri mbali kuwaona vijana wa namna hiyo. Tunawapita jioni tukitoka darsani. Na hapa Lamu penyewe, tangu mwaka 2015, Safari Doctors iliyoanzishwa na Bibi Umra Omar imekuwa ikipeleka madaktari na wauguzi kwa mashua hadi vijiji vya mbali vya visiwa vyetu, ambako mgonjwa alikuwa akingoja upepo na nauli. Binti wa kwetu aliona pengo, akaliziba kwa kadiri ya uwezo wake. Hiyo ndiyo asasi ya kiraia. Neno ni kubwa, lakini maana yake ni watu waliokataa kungoja.

Basi mbona tulikosekana? Tukijihesabu kwa uadilifu, tunaona makosa yetu matatu.

La kwanza, tumeichanganya sitara na kimya. Dini yetu inatufundisha kufunika aibu ya mwenzetu, na hilo ni jambo tukufu. Lakini kumfunika mtu ni kumkinga asidhalilike. Si kumwacha afe kimyakimya kwa kuwa hatutaki neno fulani litamkwe katika vikao vyetu. Mama huyu hakutuomba tutangaze hali yake. Aliomba apate dawa pasipo kuonekana. Kama tungekuwa tumezoea kuzungumza juu ya maradhi haya kama tunavyozungumza juu ya kisukari na shinikizo la damu, tungeweza kuomba sitara hiyo kwa niaba yake bila kumtaja.

La pili, tumedhani asasi ni gari jeupe lenye nembo mlangoni. Gari likija tunahudhuria semina, tunakula, tunatia sahihi, tunapewa nauli. Likiondoka, na sisi tumemaliza. Sasa magari mengi yameondoka, na tunaona kwamba tulikuwa wageni katika jambo letu wenyewe.

La tatu tunalisema kwa haya. Baada ya mwaka 2000, fedha za mkopo wa Benki ya Dunia zilipoanza kugawiwa vikundi vya vijijini nchi nzima, palizuka vikundi vya mfukoni, vyenye muhuri na akaunti lakini visivyo na mgonjwa hata mmoja. Pwani haikuepukana navyo. Vikundi hivyo viliwafanya watu wema waone haya kujiita asasi, na wakaacha uwanja kwa wasiofaa. Dawa ya hilo si kujitenga. Ni kuweka daftari wazi la mapato na matumizi, lisomwe mbele ya wanachama, kama tunavyofanya katika vikundi vyetu vya kuchangiana arusi na mazishi. Huko hakuna anayethubutu kula shilingi ya mwenzake, kwa sababu kila mtu anajua nani ametoa nini.

Sasa tuje kwenye kiti tulichokitaja katika kichwa cha maneno haya. Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Sheria ya mwaka 2012 ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Mwenyekiti wake ni gavana. Humo huketi mawaziri wa kaunti, na pamoja nao watu wasio watumishi wa umma, kwa idadi iliyo sawa na ya mawaziri hao. Sheria imetaja wanaotakiwa kuwapendekeza: vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, walemavu, wazee, na makundi ya dini. Tafadhali someni tena: wanawake, na makundi ya dini. Sisi tumetajwa mara mbili, na hata mara moja jumuiya zetu za kina mama hazijakaa kikao kuulizana ni nani anayetusemea pale.

Bajeti ina majira yake kama pepo za kusi na kaskazi, na anayechelewa majira hasafiri. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katika kila hatua wananchi wana haki ya kusikilizwa. Ikiwa fedha za ng'ambo zimepungua, ni lazima fedha zetu wenyewe zitajwe katika karatasi hizo: mshahara wa muuguzi, mafuta ya boti, vipimo vya maabara. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Hakuna atakayewakumbusha ahadi hiyo isipokuwa wanaougua na jamaa zao.

Na tukifika mezani tuseme nini? Hapo ndipo mama wa Pate alipotufunza. Sisi tulidhani kilio chake ni kurudishiwa chumba chake cha zamani. Akatuambia hapana. Chumba kile nacho kilikuwa kikimfichua, kwa kuwa kila aliyeingia mlango ule alijulikana ameingia kwa ajili gani. Anachotaka ni siku moja na dirisha moja kwa wote wenye maradhi ya kudumu, wa sukari, wa shinikizo la damu, wa pumu na wa virusi, kila mmoja apewe dawa zake katika mfuko wa aina moja usiolia, na za miezi kadhaa kwa mpigo ili asivuke bahari kila mara. Kwa maneno mengine, kuunganisha huduma si ubaya. Ubaya ni kuunganisha bila ya kumuuliza anayehudumiwa. Ushauri huu haukuhitaji mtaalamu kutoka nje wala fedha nyingi. Ulihitaji mtu mmoja wa kumuuliza, na katika miaka minane hakutokea.

Tunaongeza machache ambayo kila mama anapaswa kuyajua. Mwenye kutumia dawa kila siku mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake wa ndoa kwa tendo la ndoa. Mama mjamzito asiyetibiwa ana hatari ya kumwambukiza mtoto kati ya asilimia 15 na 45. Akitibiwa vyema, hatari hiyo hushuka chini ya asilimia 5. Dawa za siku hizi kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, na mfungaji wa Ramadhani azungumze mapema na daktari wake juu ya kuimeza wakati wa futari au wa daku, asiiache. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, inakataza kuitoa siri yake bila ya ridhaa yake, na imeweka baraza maalumu la kusikiliza mashtaka ya waliodhulumiwa.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya zetu, kuanzia Langoni na Mkomani hadi Shela, Kizingitini, Tchundwa na Kiunga, zikutane kabla ya mwezi kwisha. Kila jumuiya imchague mama mmoja mwenye kutunza siri na asiyeogopa kusema. Waliochaguliwa wakutane, wapeleke jina moja la mwakilishi wa wanawake kwenye Jukwaa la Bajeti, na waombe kujua kwa maandishi ni nani wanaoketi humo sasa. Waombe pia wapate nafasi katika kamati za vituo vya afya vya wadi zao. Na maimamu wetu, tunawasihi kwa heshima waifungue njia hii kwenye mimbari, kwa kuwa neno moja la imamu humfikia mume ambaye mkewe hawezi kumwambia.

Mmoja wetu, muuguzi mstaafu, alifuatana na mama yule hadi kituoni. Walikwenda wawili, na watu wawili wakiwa pamoja hawaulizwi sana waendako. Alirudishiwa dawa, na alipopimwa kifua aligundulika kuwa na kifua kikuu, anachotibiwa hivi sasa. Juma lililopita alituletea salamu kwamba kikohozi kimepungua. Akauliza pia kama tumekwisha kukaa kile kikao. Tumemjibu inshallah. Naye akatukumbusha, kwa upole wake, kwamba inshallah husemwa na mtu aliyekwisha kunyanyuka.

Wabillahi tawfiq.